Kutayarisha Kiwanja cha Ghala Penye Miti

Mtu akishuka Mlima Kitonga kutoka Iringa huiacha baridi ya juu na kuingia katika bonde lenye joto, ambamo mibuyu imesimama huku na huku kama wazee waliokutana barazani. Akiendelea hufika Ruaha Mbuyuni, mahali palipopewa jina kwa mti huo na kwa mto upitao hapo. Kando ya barabara ataona vitunguu vimepangwa kwa magunia na kwa ndoo, na wenyewe wakiwangoja wasafiri na matajiri wa malori. Bonde hili lina jua la kutosha, na maji ya mto yapo kwa kunyweshea bustani. Tunalopungukiwa ni mahali pema pa kuweka mavuno.

Kwa sababu hii wengi wetu sasa twataka kujenga ghala. Ni shauri jema, nami nalisifu. Asiye na ghala huuza siku ile ile anayovuna, na bei ya siku ile ni bei ya mnunuzi, si bei ya mkulima. Lakini nimeona jambo moja linalonisikitisha. Mtu akiisha kuazimia kujenga, huchukua shoka na panga, au humwita kijana mwenye msumeno wa mashine, akafyeka kichaka chote kwa siku mbili, akachoma moto, kisha siku ya tatu akasimika nguzo. Majirani humsifu kwa bidii yake. Mimi nasema kwamba huyo ameanza kulibomoa ghala lake kabla hajalijenga.

Rai yangu katika waraka huu ni hii: kiwanja ni nusu ya jengo, na palipo na miti kazi ya kwanza ni kutazama, kukata hufuata nyuma. Kata mti unaokuzuia, usiouzuia uache. Ule unaoukata, uondoe pamoja na mizizi yake.

KOSA NILILOLITENDA MIMI

Sisemi haya kwa kuwa nina hekima kupita wengine, bali kwa kuwa nililipa ada ya kujifunza, tena kwa mali ya mtu mwingine. Nilipokuwa kijana, mwalimu wa kilimo mpya, niliagizwa kuwaonyesha watu wa kijiji kimoja cha bonde namna ya kujenga ghala bora. Mama mmoja mjane alikubali lijengwe kwenye kiwanja chake, nyuma ya nyumba, mahali penye migunga na milama. Nilitaka wageni watakaokuja kutazama waone usafi. Niliamuru miti yote ikatwe, visiki vikatwe sawasawa na ardhi, kisha tukavifukia kwa udongo na kupafagia. Pakawa peupe kama uwanja wa shule. Ghala likasimama, nalo likapendeza sana.

Mwaka wa kwanza halikuwa na neno. Mwaka wa pili pembe moja ilianza kulala. Mwaka wa tatu, mvua kubwa za Januari zilipokuja, maji yaliyokuwa yakizuiwa na miti ya upande wa juu yalishuka moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Tulipofungua mlango tulikuta sakafu imezama, na mchwa wametoka chini, katika mizizi ile ile niliyoificha, wakapanda nguzo mpaka kwenye magunia. Magunia saba ya mahindi yaliharibika. Ndicho kilichokuwa chakula cha mama yule na wajukuu wake.

Hakunigombeza. Alinitazama, akasema, "Bwana Shamba, miti uliikata, lakini mizizi hukuiuliza." Sikuwa na la kujibu. Mwaka uliofuata nilirudi na sururu, tukachimba visiki vile kimoja kimoja, na kazi ambayo ingechukua siku nne kabla ya kujenga ilituchukua wiki tatu baada ya hasara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MFANO WA KONGWA

Huenda mtu akasema kwamba kosa langu lilikuwa la kijana asiyejua kazi, wala wataalamu wakubwa hawakosei hivyo. Basi na tukumbuke habari za Kongwa, katika nchi ya Dodoma, ambako ardhi ni kavu na mibuyu ni mingi kama huku kwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mradi mkubwa wa karanga. Walitaka kufyeka ekari zaidi ya milioni 3, wakaleta matingatinga mengi, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka wa kwanza walikusudia kusafisha ekari 150,000, wakapata sehemu ndogo sana ya hizo. Vichaka vilivunjwa juu kwa urahisi, lakini mizizi ilibaki chini na kuvunja majembe. Udongo ulipovuliwa nguo yake na kupigwa na jua ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilipita pauni milioni 35.

Watu wale hawakupungukiwa fedha, wala mashine, wala elimu ya vitabuni. Walichokosa ni kuitazama nchi kabla ya kuikata: mvua yake, udongo wake na mizizi yake. Ikiwa serikali yenye mali nyingi ilishindwa na mizizi ya Kongwa, mimi na wewe wenye sururu moja tutaishindaje kwa haraka?

JINSI YA KUTAZAMA

Anza kutazama mvua inaponyesha. Vaa koti lako, uende kwenye kiwanja, uone maji yapita wapi na yatuama wapi. Bonde letu hupata mvua chache, nazo huja kwa nguvu. Korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kujaa kabla ya jioni. Mahali palipo na mchanga uliopangwa kwa mistari, au majani makavu yaliyokwama katika vichaka, ni njia ya maji, hata kama leo ni pakavu. Usijenge hapo. Wala usiusogelee mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wengine huiona sheria hii kuwa ni usumbufu, lakini aliyewahi kuona Ruaha imefurika hawezi kuibeza.

Kisha chimba shimo la kina cha mkono mzima. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, tafuta mahali pengine, kwa maana udongo huo husukuma nguzo juu na chini kila mwaka. Udongo mwekundu au wa kichanga wenye kokoto wafaa. Tazama pia vichuguu. Kichuguu kilicho hai karibu na kiwanja ni jirani mbaya; ama ukihame, ama ukichimbe mpaka umtoe malkia. Kukivunja juu tu ni kazi bure, kwani baada ya siku chache mchwa watakuwa wamekijenga tena.

Mwisho, tazama upepo na jua. Simika kijiti chenye kitambaa, ukiangalie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku kadhaa. Vitunguu hupenda hewa inayopita na kivuli kikavu. Vikifungiwa mahali pasipo na upepo hutoka jasho, huota na kuoza. Kwa hiyo upande wa kutokea upepo uwe wazi, na upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma, miti michache yenye kivuli ibaki. Mkwaju uliosimama upande huo, mbali kiasi, ni paa la pili usilolilipia hata senti.

KUTIA ALAMA

Ukiisha kuchagua, usikate bado. Nenda kwanza kwa serikali ya kijiji, ueleze nia yako na uulize juu ya kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yailinda baadhi ya miti hata ikiwa nje ya misitu ya hifadhi. Ukiwa na mninga au mpingo katika kiwanja chako, usiutie shoka mpaka uwe na ruhusa mkononi. Faini yaweza kuzidi thamani ya ghala lenyewe.

Kisha pigilia vijiti vinne vya pembe za jengo, uzungushe kamba. Ongeza hatua nne kila upande. Hapo ndani ndipo pa kusafishwa, wala si zaidi. Zile hatua nne zina kazi mbili: kuzuia moto wa nyika usifike ukutani, na kuwanyima panya maficho. Miti itakayokatwa ipake chokaa. Miti itakayobaki ifunge kamba ya katani, ili kijana wa msumeno asije akasema hakujua. Tawi lolote linaloning'inia juu ya paa, au lililo karibu nalo kiasi cha mita 2, likatwe, kwa sababu panya hulitumia kama daraja. Usikate mti mzima kwa kosa la tawi moja.

Nao mbuyu? Nasema wazi: mbuyu usikatwe. Mti wake ni laini kama sifongo, umejaa maji, hautoi mbao wala nguzo, nao ukianguka huoza hapo hapo. Lakini ukisimama hutoa ubuyu na majani ya mboga, na katika pango lake nyuki hukaa. Umri wake ni mkubwa: mbuyu mmoja wa Zimbabwe uliopimwa na wataalamu ulionekana kuwa umeishi zaidi ya miaka 2,400 kabla haujafa karibu na mwaka 2011. Mti kama huo huwezi kuurudisha, hata wajukuu wa wajukuu wako hawataweza.

Walakini usijenge chini yake. Mizizi ya mbuyu hutambaa karibu na uso wa ardhi na kwenda mbali kupita kivuli chake. Ukichimba msingi hapo utaukata mti na kulidhoofisha jengo, vyote viwili. Tena mbuyu mzee huangusha matawi bila kutoa taarifa. Kaa mbali nao kupita urefu wake, uishi nao kwa heshima, kama mtu akaavyo na mkwe.

KUKATA NA KUNG'OA

Katika shule ya misheni niliyosoma, fundi wetu wa useremala alikuwa na neno moja alilolirudia kila tulipoingia porini: "Mti una upande wake." Maana yake, kila mti huelemea mahali, kwa matawi yake au kwa mwinamo wa shina. Tazama upande huo kwanza. Tazama pia matawi makavu yaliyo juu, na mzinga wa nyuki ulio ndani. Usikate penye upepo mkali, wala usikate peke yako. Watoto na mbuzi wawe mbali kupita urefu wa mti mara mbili.

Mti mdogo na wa kadiri, ng'oa mzima. Chimba kuuzunguka shina, ukate mizizi ya pembeni mmoja mmoja, funga kamba juu, kisha watu wauvute. Hapo shina lenyewe litakuwa mtaimbo wako na litakitoa kisiki. Watu wengi hukata shina kwanza, kisha huhangaika na kisiki siku nzima, kwa kuwa wameitupa nyenzo yao. Mti mkubwa usiovutika, ukate pengo upande unaotaka uangukie, kina chake robo ya unene wa shina; kisha kata upande wa nyuma, juu kidogo ya pengo, ukiacha ukanda mwembamba wa mti katikati uwe kama bawaba. Ukisikia mlio, ondoka kwa kurudi nyuma na pembeni, katika njia uliyoisafisha tangu mwanzo. Usisimame nyuma ya shina kabisa, kwani laweza kuruka na kukupiga.

Visiki vyote vilivyo ndani ya kamba vitolewe. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Kisiki kilichofukiwa ni karamu ya mchwa. Wakiisha kukila watatafuta chakula kingine, na chakula kilicho karibu ni nguzo zako. Tena kikiisha kuoza huacha tundu chini ya sakafu. Usikichome moto kiishie chini kwa chini, maana moto hutembea ndani ya mizizi siku nyingi, ukatokea mahali usipoutazamia. Shimo la kisiki lijaze kwa udongo mtupu usio na majani wala vijiti, tabaka la shibiri moja moja. Lowesha kidogo, kisha shindilia kwa mchi mzito. Ukiweza, liache lipigwe na mvua za msimu mmoja, uone kama litazama, ndipo ujenge wakati wa kiangazi.

NGUZO ZILIZOTOKA KIWANJANI

Miti uliyoikata usiichome yote. Iliyonyooka yaweza kuwa nguzo, lakini ivue magome kwanza na uikaushe kivulini. Kuna mdudu tumwitaye dumuzi, ambaye wengine walimwita Scania kwa ubaya wake. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini mwetu kwanza katika mkoa wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Hula mahindi na muhogo mkavu mpaka kubaki unga mtupu. Wengi hawajui kwamba mdudu huyu huishi pia ndani ya mti. Ukijengea nguzo zenye magome na matundu ya wadudu, umemkaribisha mwizi alale ndani, kisha umefunga mlango. Nguzo yenye unga mweupe unaomwagika usiitumie ghalani. Ipeleke jikoni iwe kuni.

Weka nguzo juu ya mawe bapa, zisiguse udongo, na sakafu iinuliwe kiasi cha mita moja. Kila nguzo ivishwe kofia ya bati chini ya sakafu, panya asipate njia. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa kiwanja, uyageuze maji yapite kando, ukiyaelekeza kwenye majani na miti uliyoiacha, wala si kwenye shamba la jirani.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Nimesikia watu wakisema, "Miti huleta nyoka." Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na nafaka iliyomwagika. Safisha zile hatua nne na ufagie kila juma, nawe utakuwa umemwondolea nyoka sababu ya kuja.

Wengine husema, "Jirani yangu alifyeka yote na ghala lake limesimama." Huenda ni kweli. Muulize limesimama miaka mingapi, na ni mara ngapi amebadili nguzo. Ghala halipimwi siku ya kuezekwa. Hupimwa mwaka wa tano.

Wengine husema kwamba hawana muda. Hili ndilo gumu kulijibu, kwa kuwa najua kazi ya bustani ya vitunguu ilivyo: kunywesha, kupalilia, na mikono ni ile ile miwili. Nami nasema, basi jenga ghala dogo. Kiwanja kidogo kilichotayarishwa vizuri chafaa kuliko kikubwa kilichopigwa deki juu juu. Ghala la magunia kumi linalohifadhi magunia kumi ni bora kuliko la magunia hamsini linalopoteza ishirini.

Ndugu Mkulima, mimi sikukutana na hasara yangu peke yangu. Niliipeleka kwenye mlango wa mama mjane aliyeniamini. Ndiyo sababu sioni haya kuandika kosa langu hapa. Masika yajayo, kabla hujanoa shoka, nenda usimame kiwanjani mwako mvua ikinyesha. Tazama maji, udongo na mizizi. Jiulize mti huu wakuzuia nini, na ukiondoka utaondoka na nini. Ukipata jibu, kata bila woga. Usipolipata, uache usimame. Na kwa kila mti uliouondoa, panda miwili mahali penye nafasi, ili atakayejenga baada yako naye akute kivuli.